Chema Chajiuza? Msomi wa Kiswahili na Kazi ya Injini za Utafutaji

Mwanafunzi wa Kiswahili anapoulizwa atafanya kazi gani baada ya kufuzu, aghalabu hutaja ualimu. Akijitahidi sana, huongeza utangazaji, uhariri na tafsiri. Orodha hiyo ni ya heshima, lakini ni fupi, na wanaoing'ang'ania ni wengi. Makala haya yanapendekeza kazi nyingine ambayo ni nadra kutajwa katika kumbi zetu za mihadhara: kazi ya kuziandaa kurasa za wavuti ili anayetafuta jambo katika injini ya utafutaji, kama vile Google, alipate kwa wepesi. Nitaiita uboreshaji wa tovuti, na anayeifanya nitamwita mboreshaji. Dai langu ni kwamba msomi wa lugha anaweza kudumu katika kazi hii kwa miaka ishirini au zaidi, mradi aifanye kama msomi wa lugha, wala si kama mchuuzi wa hila.

Yamkini msomaji ameshakunja uso. Wahenga walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Iweje basi mtu aliyesomea fasihi aende kuzitembeza kurasa za watu? Pingamizi hili lina uzito. Hata hivyo, chema hujiuza kikiwa sokoni. Embe lililoiva likifichwa mvunguni, halina mnunuzi ila funza. Isitoshe, historia ya kazi yenyewe imeithibitisha methali hiyo kwa namna ambayo wengi wetu hatuijui.

Injini za awali zilitegemea mno maneno yaliyomo katika ukurasa. Wajanja wakagundua kwamba ukilirudia neno mara mia, hata kwa herufi nyeupe juu ya usuli mweupe zisizoonekana na msomaji, ukurasa ungeweza kupanda juu. Mwaka wa 1998, Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa uzamifu katika Chuo Kikuu cha Stanford, walianzisha Google wakiwa na wazo ambalo mwanachuoni yeyote analielewa: ukurasa unaorejelewa na kurasa nyingine, hasa zile zenye hadhi, una uzito zaidi, kama vile kazi ya kitaaluma inayonukuliwa na wengine. Wajanja hawakukata tamaa. Wakaanza kuuziana marejeleo hayo.

Kilichofuata ni msururu wa adhabu. Mabadiliko ya Novemba 2003, yaliyopachikwa jina la Florida, yaliziporomosha tovuti nyingi zilizojaa maneno ya kurudiwarudiwa. Mwezi wa Februari 2011 yakaja mabadiliko yaitwayo Panda, yaliyolenga kurasa tupu zilizoandikwa kwa wingi bila maarifa; Google yenyewe ilisema yaligusa takriban asilimia 12 ya maulizo nchini Marekani. Aprili 2012 ikawa zamu ya Penguin, iliyowaandama walionunua marejeleo. Kila mara, waliojenga riziki yao juu ya hila walijikuta wakianza upya. Njia ya mwongo ni fupi, na katika taaluma hii urefu wake umepimwa.

Ni nani basi waliodumu? Nitataja wawili. Danny Sullivan alikuwa mwanahabari wa magazeti kabla ya kuanza, mwaka wa 1996, kuandika kuhusu jinsi injini za utafutaji zinavyofanya kazi. Aliendelea kuchunguza na kueleza kwa miongo miwili, hata Google ikamwajiri mwaka wa 2017 awe kiungo kati yake na umma. Bill Slawski, aliyefariki mwaka wa 2022, alikuwa amesomea sheria. Alipata sifa kwa kazi ambayo wengi waliiona ya kuchosha: kuzisoma hataza za kampuni za utafutaji na kuzifafanua kwa lugha nyepesi, mwaka baada ya mwaka. Hawa hawakudumu kwa kuwa na siri. Walidumu kwa kusoma kwa makini na kuandika kwa uwazi. Je, si hayo tunayofunzwa katika idara zetu?

Sasa tukitazame Kiswahili. Anayetafuta maarifa ya shamba anaweza kuandika "kulima mahindi", ilhali ukurasa mzuri unazungumzia "kilimo cha mahindi" au "ukulima". Injini inayolinganisha maneno herufi kwa herufi huyaona haya kuwa maneno matatu yasiyohusiana. Mwanafunzi wa mofolojia anajua kwamba yote yana mzizi mmoja, -lim-. Kiswahili hubeba mzigo mkubwa wa sarufi mwanzoni mwa neno, kwa hivyo mbinu za Kiingereza za kukata mwisho wa neno hazitufikishi mbali. Ingawa mitambo ya siku hizi imeerevuka, bado mwandishi anayejua kuyatumia maumbo hayo kwa ufasaha humsaidia msomaji na mtambo kwa pamoja.

Kuna pia suala la uteuzi wa msamiati. Sisi tunapenda kuandika "tarakilishi" na "rununu". Mwananchi huandika "kompyuta" na "simu". Daktari husema "kisukari". Mgonjwa huuliza kuhusu "ugonjwa wa sukari". Anayeuliza akiwa Mombasa na anayeuliza akiwa Dodoma si lazima watumie neno moja kwa kitu kimoja. Mboreshaji hodari huanza kwa kuuliza watu wanakiitaje kitu, kisha huandika ukurasa ambao mama mwenye mtoto mgonjwa ataupata na kuuelewa. Hiyo ni isimujamii iliyotoka darasani ikaenda kazini. Nalo si jambo dogo: ukurasa wa afya uliosanifiwa vyema lakini usiopatikana haumponyi mtu.

Mwaka wa 2019 Google ilianza kutumia mfumo uitwao BERT, unaolitazama neno katika muktadha wa maneno jirani, na kabla ya mwaka huo kwisha ukaenezwa katika lugha zaidi ya 70, Kiswahili kikiwamo. Kwa maneno mengine, mitambo imekuwa ikisogea kuelekea semantiki na pragmatiki, nyanja ambazo ni zetu.

Wapo watakaosema kuwa nimechelewa, kwa kuwa akili unde imeingia. Tangu 2024 Google imekuwa ikitoa majibu yaliyoandikwa na mtambo juu ya orodha ya tovuti, na msomaji huweza kuridhika asifungue ukurasa wowote. Hatari hii ni ya kweli, na anayeahidi kwamba kazi hii haitabadilika anadanganya. Lakini majibu hayo hutokana na maandishi ya watu. Lugha yenye maandishi haba na mabovu itajibiwa kwa majibu haba na mabovu. Tayari tunakutana na aya za mtambo zilizovurugika upatanisho wa kisarufi. Nani atazirekebisha, na nani ataandika matini ya kutegemewa, ikiwa wataalamu wa lugha watajitenga?

Tahadhari moja ni muhimu. Vijana wengi wa vyuo vyetu wamewahi kufanya vibarua vya kuandika kurasa za wageni kwa ujira wa kuhesabu maneno, wakiambiwa walirudie neno fulani mara kadha wa kadha. Kibarua hicho kinaweza kulipa kodi ya chumba, lakini hakijengi taaluma. Anayetaka kudumu hana budi kuchagua uwanja mmoja, kilimo, afya au sheria, aujue kwa undani, ajifunze ufundi wa tovuti kwa kiasi cha kutosha, na aweke jina lake juu ya kazi asiyoionea haya.

Kwa hivyo natoa mapendekezo matatu. Kwanza, idara za Kiswahili zitenge angalau mihadhara michache ya isimu-tumizi kwa ajili ya suala la utafutaji. Pili, wanafunzi wa uzamili wachunguze maswali ambayo Waswahili huandika mtandaoni. Hiyo ni data hai inayongoja tasnifu. Tatu, vyama vyetu vianzie nyumbani. Makala ya majarida ya wanafunzi, ambayo aghalabu huishia kabatini, yawekwe kwenye wavuti, kila moja kwa kichwa kinachoeleweka na muhtasari wa lugha nyepesi. Mwanafunzi atakayeifanya kazi hiyo kwa mwaka mmoja atakuwa na la kumwonyesha mwajiri.

Chema chajiuza, naam. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hazina ya Kiswahili bado imelala huko.