Bendera Iliyochakaa Ishushwe kwa Heshima

Kila asubuhi mbele ya ofisi za serikali na shule za mji wetu wa Goma bendera hupandishwa, na jioni hushushwa. Saa hiyo mpita njia husimama: mwenye pikipiki huzima injini, msukuma chukudu hutulia, mama mwenye mzigo kichwani husubiri. Desturi hiyo ni njema, wala hatuipingi. Tunalolipinga ni kwamba mara nyingi mno wananchi wanasimamishwa mbele ya kitu ambacho si bendera tena, bali ni mabaki yake.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika ibara yake ya kwanza, inaieleza bendera ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo pasipo utata: rangi ya samawati, nyota ya manjano katika pembe ya juu kushoto, na mshazari mwekundu uliozungushiwa manjano nyembamba. Samawati ni amani, nyekundu ni damu ya waliokufa kwa ajili ya nchi, manjano ni utajiri wake, na nyota ni mustakabali wetu. Jua kali, upepo wa Ziwa Kivu na vumbi la mawe ya volkeno huila nguo yoyote. Samawati hupauka ikawa nyeupe, nyekundu ikafifia, na ncha zikageuka nyuzi. Kuchakaa kwa nguo si kosa la mtu. Kosa ni kuiacha juu ya mlingoti mwaka baada ya mwaka, kisha kuwadai watu waiheshimu. Katika mji uliotekwa Novemba 2012 na tena Januari 2025, nani atamweleza mjane kwamba damu ya mumewe inakumbukwa kwa utepe uliopauka?

Wapo watakaosema: hicho ni kitambaa tu. Basi tuwaulize kwa nini kijana wa Xaveri au wa Kiro huifua fulari yake na kuipiga pasi kabla ya mkutano, wala haitumii kufutia viatu. Anajua kwamba fulari ni kitambaa, na anajua pia inasema nini juu yake. Hatuabudu bendera, ibada ni ya Mungu peke yake. Lakini heshima si ibada, na anayezichanganya hizo mbili anatafuta kisingizio cha uvivu.

Wengine watasema: watu wana njaa na wamehama makwao, nanyi mnahubiri nguo! Njaa ni kubwa kuliko bendera, hilo halina ubishi. Ila kushusha nguo iliyochanika hakumnyang'anyi mkimbizi hata kikombe cha unga. Na tabia ya kupita kila siku chini ya kilichoharibika bila kukigusa ndiyo hiyo hiyo inayoacha mifereji izibe na madaraja yaoze. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.

Wapo pia watakaosema hakuna fedha ya kununua mpya. Na iwe hivyo: mlingoti mtupu unasema ukweli kuhusu umaskini wetu, kumbe bendera iliyoraruka inasema kwamba hatujali.

Bendera iliyostaafu iende wapi? Isitupwe jalalani, isigeuzwe pazia, wala isifanywe tambara la kufutia pikipiki. Sheria ya bendera ya Marekani inapendekeza ichomwe kwa heshima. Kanuni za India za mwaka 2002 zinataka iharibiwe nzima, faraghani, ikiwezekana kwa moto. Sisi Wakatoliki moto wa namna hiyo hautushangazi: matawi yaliyobarikiwa huchomwa, na majivu yake hutuingiza katika Kwaresima. Moto wa hasira barabarani hutukana. Moto wa heshima huaga. Tofauti yake iko katika nia na katika namna.

Kwa hiyo tunapendekeza kila kikundi cha vijana kitazame milingoti ya shule na ofisi zilizo karibu na parokia yake kabla ya tarehe 30 Juni, siku ya uhuru wetu wa mwaka 1960. Msipande wenyewe kuishusha. Mwendeeni mwalimu mkuu au kiongozi wa mtaa kwa adabu, mwombeni ibadilishwe, na mkiweza changeni fedha. Ile ya zamani ikunjwe, na wenye mamlaka wakiridhia ichomwe yote mahali pa faragha, bila simu za kupiga picha, na majivu yazikwe. Ikiwa ni ya nailoni, ambayo moshi wake ni mbaya, izikwe nzima ndani ya sanduku.

Wenye ofisi wakikataa, rudini tena kuuliza. Anayetusimamisha barabarani kwa ajili ya bendera hana haki ya kukasirika tunapomwomba aitunze.