Kabla ya Kulipa Fedha ya Ndama, Tazama Kiini



Fedha ya pamba ikisha kuingia mkononi, wazazi wengi wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega huanza kuulizana jambo moja: mtoto wetu aliye sekondari anunuliwe kompyuta, ama asubiri? Kompyuta mpya ina bei kali, basi mazungumzo huhamia upesi kwenye kompyuta iliyokwisha kutumika. Hapo ndipo maneno huzidi. Mchuuzi wa kwanza asema, “Mayu, hii ina Ubuntu, ni ya bure.” Wa pili asema, “Yangu ina Linux Mint, ni bora kuliko ile.” Wa tatu awacheka wote wawili: “Mzee, hizo zimekwisha kufa, ongeza fedha ununue ya kisasa.” Na mzazi aliyeuza ndama wake mnadani asimama tu, hajui amwamini nani.

Leo nataka kuwapa neno moja la kuwasaidia siku hiyo. Neno hilo ni kiini. Mafundi wa mjini hukiita keneli, lakini kiini ni jina zuri, maana kila aliyepasua yai au mbegu ya pamba alijua.

Ubuntu, Linux Mint, Debian na Fedora ni majina manne, na zaidi ya hayo yako mengine mengi. Yote ni mifumo ya programu huria, yaani programu ambazo mtu yeyote ana ruhusa ya kuzitumia, kuzisoma zilivyoandikwa, kuzirekebisha na kumgawia jirani. Ukiziwasha utaona sura mbalimbali: hii ina vitufe upande wa kushoto, ile ina vitufe chini. Basi anayeanza hudhani kwamba ni vitu vinne tofauti kabisa, akapoteza siku nyingi akiuliza ipi ni nzuri. Lakini chini ya sura hizo mna kiini cha namna moja, nacho ndicho kiitwacho Linux kwa haki. Rangi za ukuta zatofautiana, msingi ni wa mawe yale yale.

Kazi ya kiini ni nini? Fikirini chama cha msingi siku ya kupima pamba. Wakulima wamefika hamsini, mizani ni moja, ghala ni moja. Je, kila mtu aishike mizani mwenyewe, aingie ghalani mwenyewe, akitupe mzigo wake popote apendapo? Haiwezekani, jua halitatua kabla ya ugomvi. Ndiyo sababu yupo karani. Yeye peke yake ndiye agusaye mizani. Humwita huyu, kisha yule, huandika, humwonyesha kila mmoja mahali pa mzigo wake, na mtu akitaka kuvuta mzigo wa mwenziwe, humzuia.

Ndani ya kompyuta wakulima ni programu: ya kuandika barua, ya kusikiliza nyimbo, ya kusoma intaneti. Mizani na ghala ni vyombo vyenyewe: prosesa, kumbukumbu, diski, kioo, kibodi, printa. Kiini ndiye karani. Programu haigusi diski yenyewe, humwomba kiini. Nacho huzipa zote zamu kwa haraka hata macho yetu hudhani kwamba zafanya kazi kwa pamoja, hugawa kumbukumbu, na huikataza moja isiingie katika fungu la nyingine. Ndiyo maana programu ya nyimbo ikianguka, barua ya mtoto yaweza kubaki salama pale pale.

Kazi hiyo ni ngumu kuliko ionekanavyo. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza kwamba ataunda mfumo mzima ulio huru, akauita GNU. Yeye na wenziwe waliandika zana nyingi nzuri, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1990 kiini chao kilikuwa bado. Walikuwa na wakulima, mifuko na vitabu, ila karani hayupo. Tarehe 25 Agosti 1991 mwanafunzi wa Helsinki, nchini Finland, jina lake Linus Torvalds, umri wake miaka 21, aliwaandikia watu kwamba anatengeneza mfumo kwa kujifurahisha tu, wala hautakuwa mkubwa. Kiini chake cha kwanza kilikuwa na mistari kama 10,000. Mwaka 1992 alikiweka chini ya sheria ile ile ya uhuru iliyoandikwa na Stallman, na hapo vitu viwili vikakutana. Leo kiini hicho kina mistari zaidi ya milioni 30, na maelfu ya watu wa nchi nyingi wamekiandika.

Kwetu Tanzania kazi ya programu huria nayo ilianza mapema. Mwaka 2004, kwa mradi wa Kilinux uliokuwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitoka Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili. Nayo Karatu, katika miaka ya 2010, shirika la Powering Potential liliweka katika shule kadhaa za sekondari kompyuta ndogo sana ziitwazo Raspberry Pi, zikitumia umeme wa jua. Nazo huendeshwa na Linux. Basi asiwepo mtu wa kuwaambia kwamba haya ni mambo ya Ulaya.

Tena wengi wenu mnakitumia kiini hiki pasipo kujua. Simu zote za Android, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 2008, zina kiini cha Linux ndani yake. Hata ile Smart Kitochi, simu ya vitufe ambayo Vodacom waliileta hapa nchini mwaka 2019, ilikuwa nacho. Mama anayepokea fedha ya vitunguu kwa simu ya Android huko Lamadi amekwisha kuwa mtumiaji wa Linux. Mchuuzi asemaye kwamba Linux ni ya mafundi peke yao na apige simu kwa chombo kingine!

Sasa twende kwenye ndama.

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza utunzaji wa kawaida wa Windows 10. Windows 11, iliyoifuata, hukataa rasmi kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hivi. Matokeo yake ni kwamba kompyuta nyingi zilizo nzima zimeitwa kuukuu, zikauzwa. Yule mchuuzi wa tatu asemapo “zimekwisha kufa,” asema uongo nusu. Vyombo vyake ni vizima. Kilichokwisha ni utunzaji wa mfumo wake wa zamani. Ukiweka mfumo mwingine wenye kiini kinachotunzwa, mashine ile yaweza kumfaa mwanafunzi kwa miaka.

Yaweza, nasema. Si kila mara. Karani wa mizani lazima aijue mizani iliyo mbele yake. Kompyuta hutengenezwa na viwanda vingi, na kila kiwanda huweka kadi ya waifai ya namna yake, kamera yake, printa yake. Ili kiini kiongee na kila kimoja, hutumia vipande viitwavyo viendeshi. Zaidi ya nusu ya mistari yote ya kiini cha Linux ni viendeshi tu! Lakini viko viwanda vilivyoficha siri ya vyombo vyao, na hivyo kiini hakivijui vizuri. Kadi kadhaa za waifai ni maarufu kwa ugonjwa huu. Kompyuta yawaka vema, herufi zaonekana, ila intaneti haipatikani. Mnunuzi hulaumu Ubuntu, hubadilisha kuwa Linux Mint, hali ni ile ile, kwa kuwa amebadili rangi ya ukuta wala hakugusa msingi. Angalijua habari ya kiini angaliuliza swali lililo sawa: je, kiini hiki kina kiendeshi cha kadi hii? Pengine kiini kipya zaidi kinacho. Pengine kadi nyingine ndogo ya kuchomeka ubavuni, ambayo kiini chaijua, yamaliza shida yote.

Kuhusu mashine za kale mno, semeni na fundi kwanza. Kompyuta nyingi za kabla ya mwaka 2006 ni za biti 32, na mifumo mikubwa imeziacha: Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kiini cha kuziwekea. Hata Linux yenyewe, katika toleo la 3.8 la mwaka 2013, iliiacha prosesa ya 386, ambayo ndiyo Torvalds aliyoandikia kiini chake cha kwanza. Mtoto aliisahau nyumba aliyozaliwa.

Lipo jambo jingine ambalo naliona kubwa kuliko yote. Karani akiwa na udhaifu, chama kizima kimo hatarini, maana funguo zote anazo yeye. Oktoba mwaka 2016 ilitangazwa kasoro katika kiini cha Linux iliyokuwamo tangu mwaka 2007, miaka tisa! Kwa kasoro hiyo programu isiyo na mamlaka iliweza kuandika mahali iliporuhusiwa kusoma tu, na kwa njia hiyo kujitwalia mamlaka ya mashine nzima. Simu za Android nazo ziliguswa. Waliipa jina la mzaha la Kiingereza ambalo kwa lugha yetu ni Ng'ombe Mchafu. Sisi wa huku, tunaoheshimu ng'ombe, hatungalichagua jina hilo. Dawa yake ilikuwa tayari wakati ule ule. Lakini dawa iliwaponya wale tu waliopokea marekebisho. Simu ambayo kiwanda chake kilikuwa kimeiacha, ilibaki na kidonda wazi.

Kwa hiyo, mtoto akiiambia kompyuta “baadaye, baadaye” kila mara inapoomba marekebisho, msimwache. Najua marekebisho hula bando, mara nyingine mamia ya megabaiti. Afadhali kuyapakua mara moja kwa mwezi mahali penye intaneti nafuu kuliko kukaa mwaka mzima bila kitu. Na baba akitaka kununua simu ya mkononi iliyotumika, afungue mipangilio, sehemu ya habari za simu, atazame tarehe ya marekebisho ya usalama. Ikiwa ni ya miaka mitatu iliyopita, asiweke humo fedha ya pamba.

Wengine huogopa: je, kiini kipya kikikataa kuwaka? Hutokea. Lakini Ubuntu na jamaa zake hawamfukuzi karani wa zamani siku ile ile aingiapo mpya. Kiini kilichotangulia huachwa ndani, na wakati wa kuwasha waweza kufungua orodha ya machaguo ya ziada ukakichagua, ukafanya kazi yako ya siku, ukamwita fundi kwa nafasi yako. Mtu asiyejua jambo hili huifuta kompyuta nzima, na kazi za mtoto huenda pamoja nayo.

Na umeme wetu je, ukatao bila hodi? Hapa kiini chafanya jambo ambalo sisi makarani twalielewa upesi. Ext4, ambayo ni namna yake ya kawaida ya kutunza diski, huandika kwanza katika daftari dogo mabadiliko inayotaka kuyafanya katika orodha ya mafaili, ndipo huyahamishia mahali pake. Umeme ukikatika katikati, ukirudi kiini husoma daftari, humaliza kilichoandikwa humo na kutupa kilichokuwa nusu. Hivyo diski haiharibiki ovyo. Hata hivyo barua ambayo mtoto hajaihifadhi haimo katika daftari lolote, hiyo itapotea.

Jinsi ya kujaribu kabla ya kulipa ni hii. Mwombe fundi, au kijana wa karibu anayejua, akuwekee mfumo mmoja katika flashi; flashi ya gigabaiti 8 yatosha. Nenda nayo kwa mchuuzi, iingizwe, kompyuta iwashwe kwa flashi, na uchaguliwe mlango wa kujaribu bila kuweka. Diski ya mchuuzi haitaguswa. Kisha jaribuni waifai, sauti, kamera na kila kitufe cha kibodi. Fungeni kifuniko mashine ilale, mfungue tena muone kama yaamka. Ikiwa yote yaenda vema, kiini kimeijua mashine. Ikiwa ni nzito tu, ya kusuasua, kosa pengine si la kiini bali la sura iliyo nzito. Zipo sura nyepesi kama Xfce kwa mashine zenye kumbukumbu ndogo.

Na kama kompyuta imekwisha kuwekewa Linux na mchuuzi mwenyewe, fungueni dirisha la amri, mwandike uname -r. Itatokea namba. Ikianza na 3 au 4, hicho ni kiini cha zamani ambacho watunzaji wake wakuu wamekiacha; 4.19, cha mwisho kuachwa katika kundi hilo, kiliachwa Desemba 2024. Mwambie akuwekee mfumo mpya kwanza, ndipo mpatane bei. Asipokubali flashi yako iingizwe, wala namba itazamwe, mwage kwa heri uende kwa mchuuzi wa pili.