"Mshale Mbovu Huo!" Nimechoka Kuusikia

Nimerudi chuo juzi na vumbi jekundu la Kasulu mpaka masikioni, na leo nina hasira, mnivumilie.

Siku nakwenda nyumbani Rungwe Mpya nilikaa mbele na dereva. Tumeanza kupanda mlima, naangalia mshale wa joto la injini, uko kwenye nyekundu kabisa. "Kaka, injini inachemka." Akacheka: "Dogo, mshale mbovu huo, tangu mwaka jana." Mama mmoja nyuma akadakia kwamba sisi wasomi tuna maneno mengi. Haikupita nusu saa rejeta ikafoka mvuke, tukamaliza safari kwa miguu, mizigo kichwani. Mama yule kimyaaa!

Sasa jana nasimulia pale kimbweta, mshkaji ananiambia hayo ni mambo ya magari ya bush, kwenye ndege hayawezekani. Hayawezekani?? Julai 2, 2014, Fokker 50 iliyobeba miraa kwenda Mogadishu iliruka Nairobi alfajiri, muda mfupi tu ikaanguka Utawala. Wote 4 waliokuwemo walikufa. Wachunguzi wa Kenya walihitimisha kwamba marubani waliondoka na hitilafu wanayoijua, na hawakukatisha kuruka japo walipata tahadhari 27. Ishirini na saba jamani! Dereva wangu alikuwa na mshale mmoja tu.

Mwingine akaruka upande wa pili: basi mshale ukicheza tu, rubani azime injini. Hapana mzee. Januari 8, 1989, Boeing 737 ikitoka London kwenda Belfast, pangaboi la injini ya kushoto lilivunjika, ndege ikatetemeka, moshi ukaingia. Marubani wakaharakisha, wakazima ya kulia, ile nzima! Kipimo cha mtetemo kilikuwa kinaonyesha kushoto, ila vipimo vya aina hiyo kwenye ndege za zamani vilikuwa na sifa ya kudanganya, hivyo rubani hakuvitilia maanani. Watu 47 walikufa karibu na Kegworth. Yaani "mshale mbovu" ilipanda ndege hata Uingereza.

Kinachotakiwa si kupuuza wala kupaparika. Kwanza endelea kuirusha ndege. Halafu linganisha: presha ya oili ikishuka huku joto la oili linapanda, hayo ni mashahidi wawili, tafuta pa kutua haraka. Presha imeshuka lakini joto limetulia? Huenda kipimo ndicho kibovu, lakini hapo pia unatua, fundi ndiye ataamua. Ukiwa na injini mbili unatazama ya pili inasemaje, unapunguza nguvu taratibu, unafuata orodha ya taratibu, na kabla ya kuzima mnahakikisha wawili kwamba mmeshika ya upande wenyewe.

Na msiniambie ni ujinga wa dereva. Anajua sana. Akisimama, hesabu ya tajiri haifiki, na kesho usukani anapewa mwingine. Ndio maana mshale unakuwa mbovu mwaka mzima na hakuna anayeubadilisha. Kama kweli ni mbovu si utengenezwe? Bei yake na ya injini wapi na wapi!

Haya, kesho nina test saa 2 asubuhi na sijagusa daftari. Likizo nitakaa mbele tena, na nitauliza tena. Mwenye ubishi anajua kimbweta changu kilipo.