Mpakato au Tableti?

Wasomaji wenzangu, siku hizi katika bweni letu yako mabishano: mwanafunzi akipata bahati ya kununuliwa chombo, kipi kinamfaa zaidi, kompyuta mpakato ndogo au tableti? Wengi husema ni mamoja, kwa kuwa ukubwa wao hukaribiana. Mimi nakataa, maana baba yangu amekwisha kulipa gharama ya kosa hilo.

Mwaka jana aliuza ng'ombe, akaniuliza nataka nini. Nikachagua tableti, kwani ni nyembamba, nyepesi, tena huwaka mara moja. Sikosi shukrani. Kwa kusoma vitabu na kutazama masomo ya picha, chombo hiki ni kizuri sana. Lakini tangu mtaala mpya ulipoanza mwaka 2020, sisi wa sekondari ya chini hapa Uganda twatakiwa kufanya miradi na kuandika taarifa zake. Likizo ilipofika nikaketi niandike kurasa kumi. Kumbe herufi za kubonyeza hutokea juu ya kioo kile kile, zikafunika karibu nusu ya maandishi yangu! Tena vidole havina cha kupapasa, hata macho yalazimika kufuata kila herufi. Ukurasa wa pili nikachoka, nikamaliza kwa kalamu.

Wako watakaosema, "Nunua kibodi ya kando." Ni kweli yapatikana, lakini hizo ni fedha nyingine, na tableti yataka pia kitu cha kuiegemeza. Mpakato huja na kibodi yake, na kioo chake husimama chenyewe.

Kenya ilipoanza kugawa vyombo katika shule za msingi mwaka 2016, watoto wa darasa la kwanza walipewa tableti. Sioni kosa hapo, kwa kuwa mtoto yule anajifunza kusoma, na kidole kimoja chamtosha. Sisi kazi yetu kubwa ni kuandika.

Basi wazazi wetu, nanyi kaka zetu mliokwisha kumaliza shule na ambao huombwa msaada, msiulize dukani kipi kinang'aa. Mwulizeni kwanza mwanafunzi atafanya nacho kazi gani. Akisema kusoma, tableti yatosha. Akisema kuandika, mnunulieni mpakato, hata ukiwa mzito kidogo. Ng'ombe mmoja hauzwi mara mbili.

Mwanafunzi wa S.3