Meno ya Mtoto ni Amana: Tusingoje Yaume

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), aliyemuumba mwanadamu kwa umbo lililo bora. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake.



Mwezi huu tunapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu hulihesabu kuwa dogo, nalo ni vinywa vya watoto wetu. Nani kati yetu hajamwona mtoto wa madrasa amekaa pembeni ya mkeka, kashika shavu, juzuu imefunguliwa mbele yake na sauti haitoki? Ustadhi akiuliza, huambiwa kuwa jino linamsumbua tangu juma lililopita. Mzazi akiulizwa, hujibu kuwa hilo ni jino la utoto tu, litang'oka lenyewe. Na mzazi huyo huyo, adhana ikiadhiniwa, utamkuta penye mlango wa msikiti akisugua meno yake kwa mswaki, akifuata sunna. Ni sunna njema mno. Lakini je, yule mwana aliyeachwa nyumbani akilia hana fungu lake katika sunna hiyo?

Sisi watu wa milima ya Upare tuna historia na meno ya watoto, wala si historia ya kujivunia. Lugha ya Kiswahili ina neno "kigego", yaani mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya yale ya chini, akadhaniwa kuwa ameleta mkosi. Kule Mbaga, wageni huoneshwa jiwe la Malameni, na wazee husimulia kuwa watoto waliohesabiwa kuwa na mkosi, wakiwamo wa namna hiyo, walipelekwa hapo wasirudi, na kwamba jambo hilo liliendelea hadi miaka ya 1930. Msiba mkubwa ulioje! Kiumbe asiye na dhambi alihukumiwa kwa sababu ya jino, ilhali jino la juu kutangulia ni tofauti ya kimaumbile tu, kama vile mtoto mmoja anavyotembea mapema na mwingine akachelewa. Qur'ani imetufundisha kuwa Siku ya Kiyama mtoto wa kike aliyezikwa hai ataulizwa ni kwa kosa gani aliuawa. Tunaamini kuwa swali hilo halikuishia kwa Waarabu wa zama za Jahiliya.

Alhamdulillah, ujahili ule umekwisha. Lakini mdogo wake yungali hai, naye anaitwa "meno ya plastiki", na wengine husema "meno ya nailoni". Tangu miaka ya 1980 imani hii imeenea katika sehemu nyingi za nchi yetu, na inajulikana pia kwa jirani zetu; Uganda huiita "ebinyo". Mtoto mchanga hupata homa, huharisha, hukataa kunyonya. Mama au bibi hutazama ufizi, akaona uvimbe mweupe mahali ambapo chonge litachomoza. Husemwa kuwa hilo ndilo jino la plastiki, na kwamba lisipoondolewa mtoto atakufa. Basi huitwa mtu mwenye wembe, kisu au spoku ya baiskeli, akachokoa ufizi wa kiumbe wa miezi michache mpaka akatoa kitu cheupe na laini, akakionesha kuwa ni ushahidi.

Ndugu zetu, kitu kile ni chonge la utotoni ambalo halijakomaa, ndiyo maana ni laini. Hakuna jino la plastiki katika kinywa cha mtoto yeyote aliyeumbwa na Allah. Homa na kuharisha vina sababu zake: malaria, maji machafu, na umri ule ambao mtoto anaanza kulishwa na kutambaa, kila akiokotacho akakitia kinywani. Sababu hizo hazitibiwi kwa wembe. Wembe huzidisha maradhi juu ya maradhi: kuvuja damu, usaha, sumu kuingia katika damu, pepopunda, hata virusi vya Ukimwi endapo chombo kimetumiwa kwa mwingine. Na anayenusurika huenda akapoteza hata chonge la ukubwani, kwa kuwa chipukizi lake liko jirani na lile lililochokolewa.

Katika Sahihi Bukhari imepokewa kuwa Ummu Qays bint Mihsan (r.a.) alimleta kwa Mtume (s.a.w.) mwanawe mdogo, naye alikuwa amemkandamiza koo kwa sababu ya maradhi ya kooni, kama ilivyokuwa desturi ya wanawake wa wakati ule. Mtume (s.a.w.) aliikemea desturi hiyo ya kuwaumiza watoto, akawaelekeza kwenye dawa. Aidha, Abu Daud na Ibn Majah wamepokea hadithi ya kuwa mtu ajitiaye katika utabibu bila kujulikana kuwa na elimu yake, yeye ndiye mdhamini wa madhara atakayoyasababisha. Basi mwenye spoku ni mdhamini, na aliyemwita amwogope Allah. Mtoto mwenye homa au anayeharisha apelekwe zahanati siku hiyo hiyo, apimwe malaria, apewe maji ya chumvichumvi na dawa ya zinki.

Upo na ujahili wa tatu, nao ni mpole kuliko wote, kwa hiyo umetupata wengi zaidi. Huo ni kungoja. Tunangoja jino liume, tunangoja shavu livimbe, kisha tunakwenda kung'oa. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilikadiria kuwa watoto milioni 514 duniani wana meno ya utotoni yaliyooza. Hawa ni watoto wa matajiri na wa maskini. Tofauti ni kwamba wengine huonwa mapema, na wengine huonwa wakati hakuna la kufanya ila koleo.

Yafaa tuelewe jinsi jino linavyooza. Vijidudu vilivyomo kinywani hula sukari tuliyoila, vikatoa asidi, na asidi hiyo huyeyusha madini ya jino kidogo kidogo. Mtoto anayelala na chupa ya uji wa sukari, au anayekunywa chai tamu asubuhi, akatafuna muwa mchana, akanunua pipi na barafu nje ya madrasa jioni, meno yake hayapati saa ya kupumzika. Dalili ya kwanza haina maumivu: ni doa jeupe kama chokaa karibu na ufizi. Doa hilo likionwa mapema, laweza kuzuiwa kwa usafi, kwa kupunguza sukari na kwa madini ya floraidi. Likiachwa huwa tundu, tundu likifika kwenye kiini cha jino ndipo kilio huanza. Maana yake ni kwamba yeyote angojaye maumivu amekwisha kuchelewa.

Tena kuna hili ambalo wazazi wengi hawalijui. Mtoto akifika umri wa miaka 6 hivi, gego la ukubwani huchomoza nyuma ya magego yake ya utotoni. Haling'oi jino lolote ili lipite, kwa hiyo hapana anayelitambua. Likioza, mzazi husema ni la utoto, litaota jingine. Halioti jingine! Hilo ndilo atakalotafunia makande mpaka uzee wake. Na hata meno ya utotoni, ambayo hutimia 20 mtoto afikapo miaka 3, hayakuumbwa bure: mtoto hula kwayo, hutamka herufi kwayo, nayo huwashikia nafasi yale ya ukubwani. Mwalimu wa tajwidi anajua ni herufi ngapi zinazotamkwa kwa msaada wa meno.

Kwa hiyo wataalamu wanashauri kuwa mtoto atazamwe kinywa jino la kwanza linapochomoza au kabla hajatimiza mwaka mmoja, kisha atazamwe tena kila baada ya miezi 6 au kama tabibu atakavyoelekeza. Wala tusidhani kuwa kumpeleka ni kumpeleka kwenye koleo. Mara nyingi tabibu wa meno hutazama tu, akamshauri mzazi, akapaka dawa ya kuimarisha jino. Likiwapo tundu dogo, huzibwa. Na hapa tuna jambo la kujivunia: njia ya kuziba jino kwa vyombo vya mkono tu, bila mashine wala umeme, ilianzia hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, ikatambulishwa duniani na Shirika la Afya Duniani mwaka 1994. Ilibuniwa kwa ajili ya vijiji kama vyetu. Itakuwa ajabu iwafae watu wa mbali, na watoto wa Gonja waendelee kung'olewa.

Tunatoa nasaha zifuatazo.

Kwanza, kila mzazi amwinue mtoto wake mdomo mara moja kwa mwezi, mahali penye mwanga, atazame. Na siku ya kliniki, hasa ile ya chanjo ya surua ya miezi 9 na ya miezi 18, amwombe muuguzi atazame pia.

Pili, mtoto asuguliwe meno mara mbili kwa siku na mkubwa wake, kwa dawa yenye floraidi: kiasi cha punje ya mchele kabla ya miaka 3, na cha punje ya njegere baada ya hapo. Tukumbuke kuwa Mtume (s.a.w.) katika saa zake za mwisho alipoutazama mswaki na nguvu zimemwishia, Bibi Aisha (r.a.) aliuchukua, akamlainishia, akampa. Asiyeweza kujisafisha husaidiwa na ampendaye. Mtoto afikapo miaka 7, umri ule ule tunaomwamrisha sala, ndipo aanze kuachiwa mwenyewe, nasi tukimwangalia.

Tatu, kamati za misikiti yetu, kuanzia Maore hadi Bombo, zimwandikie Mganga Mkuu wa Wilaya ya Same kuomba tabibu wa meno aje kwa huduma ya mkoba katika madrasa zetu. Safari ya mzazi mmoja mmoja na mwanawe hadi Same mjini ni nauli na siku nzima ya kazi. Safari ya tabibu mmoja yaweza kuwafaa watoto wengi kwa siku moja. Tarehe 20 Machi ni Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, nayo ni fursa ya kuanzia. Fungu dogo la sadaka ya Ijumaa litengwe kwa ajili ya mayatima na wasiojiweza.

Nne, asitokee mtu wa kusema kuwa hospitali fulani ni ya kanisa, basi Mwislamu asiiendee. Mtume (s.a.w.) katika hijra yake alimwajiri Abdallah bin Urayqit amwongoze njia, na mtu huyo hakuwa Mwislamu, alimchagua kwa ujuzi na uaminifu wake. Tuwaendee wenye ujuzi, iwe ni hospitali ya serikali au ile ya Kilutheri iliyopo hapa kwetu Gonja, tuulize huduma zilizopo.

Ndugu Waislamu, kila mmoja wetu ni mchunga, na ataulizwa juu ya alichokichunga. Babu zetu waliwahi kukosea kwa kuliogopa jino la mtoto. Sisi tusikosee kwa kulidharau. Mtoto hajui kudai haki yake, na maumivu yake ya usiku hayasikiwi ila na aliye naye chumba kimoja, na Mola wake.

Tunamwomba Allah (s.w.) atujaalie kuwa wachunga wema, awape watoto wetu afya ya miili na ya imani, na awafanye wawe kituo cha macho yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.