Tugeuze kitambaa tutazame nyuma

Desemba inapobisha hodi, nyumba nyingi humu nchini hubadilika sura. Vitambaa vya makochi vilivyolala sandukuni mwaka mzima hutolewa, vikafuliwa, vikatiwa wanga na kupigwa pasi, kisha vikatandazwa sebuleni kuwangojea wageni wa Krismasi. Kule Lamu nako, Ramadhani inapoingia, haikosi kofia iliyoanzwa miezi kadhaa nyuma ambayo sharti ikamilike kabla ya mwezi wa Idi kuandama. Sikukuu ni mbalimbali, lakini sindano ni ile ile.

Ni sindano hiyo ninayotaka kuizungumzia leo. Yamkini wapo wasomaji watakaojiuliza mwalimu wa isimu ana kazi gani na uzi. Nawaomba subira. Kisa chenyewe kilianzia nyumbani kwangu, kikaishia darasani, na hapana shaka kinawahusu walimu na wanafunzi kuliko kinavyowahusu mafundi cherehani.

Mwaka jana, shule zilipofungwa, binti yangu mwenye umri wa miaka kumi na mmoja alirudi na kazi ya likizo. Alitakiwa kudarizi kitambaa kidogo cha meza cha sikukuu kwa mshono wa msalaba, yaani ule wa vijishono viwili vinavyopitana mfano wa alama ya kuzidisha. Nilifurahi kupita kiasi. Mimi ni mtoto wa mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, na katika shule yetu ya msingi wavulana kwa wasichana tulifunzwa sayansikimu. Nilijua kushika sindano kabla sijajua nomino ni nini.

Tukaketi, mtu na bintiye. Nilimwonyesha jinsi ya kukunja kitambaa mara nne ili kupata kitovu chake, maana anayeanzia pembeni aghalabu hujikuta ameishiwa na nafasi kabla ya ua kukamilika. Nikamwonyesha kukata uzi usiozidi urefu wa mkono, kwa kuwa uzi mrefu hujifunga mafundo na kuchakaa njiani. Uzi wa kudarizia huwa na nyuzi ndogo sita zilizosokotwa pamoja. Tulizitenganisha, tukatumia mbili mbili. Kisha nikampa sheria kuu ya mshono huu: mguu wa juu wa kila msalaba uelekee upande mmoja kitambaa kizima. Akiuelekeza mmoja kulia na mwingine kushoto, mwanga utamsuta, na jicho la mtazamaji litaona kasoro hata kama halijui jina lake.

Siku ya tatu nilimkuta amefunga fundo kubwa nyuma ya kitambaa, na nyuzi zinaruka kutoka ua hadi ua kama utando wa buibui. Nikamwambia afumue. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgeni asiyejua desturi za mji, akasema, "Baba, mwalimu haangalii nyuma. Anaangalia mbele tu."

Nilinyamaza. Kauli ile haikuwa ya utundu. Ilikuwa taarifa ya kweli kutoka kwa mtu aliyeuchunguza mfumo wetu wa elimu kwa miaka sita na kuuelewa barabara.

Alifumua, akashona upya, akanung'unika, akaendelea. Bandu bandu huisha gogo. Akajifunza kuacha mkia wa uzi na kuupitisha chini ya mishono mingine badala ya kufunga fundo. Krismasi ilipita kitambaa kikiwa nusu, jambo lililomliza. Alikikamilisha juma la mwisho la likizo. Tulijaribu kwanza uzi mwekundu kwa pamba yenye maji tuone kama unachuja rangi, tukakifua kwa maji ya vuguvugu bila kukikamua, tukakipiga pasi kikiwa kimelazwa kifudifudi juu ya taulo ili mishono isilale. Mwisho akakunja pindo, akalipiga bandi, akalishona. Kilikuwa kimepinda kidogo upande mmoja, lakini kilikuwa chake.

Shule zilipofunguliwa, mwenzake mmoja alipeleka kitambaa kilichonunuliwa sokoni, kazi ya mashine tangu mwanzo hadi mwisho. Kilipewa alama zote na kutundikwa ukutani. Cha binti yangu kilirudi nyumbani na maneno mawili: "Ongeza usafi."

Sitaki kumlaumu mwalimu yule. Ana darasa lililofurika, na alama zilikuwa zinasubiriwa. Wala simlaumu sana mzazi aliyenunua. Tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, kilio cha wazazi kimekuwa kwamba miradi ya watoto imekuwa miradi ya watu wazima. Mama anayerudi kazini saa mbili usiku atadarizi saa ngapi? Na yule asiye na fedha za kununua kitambaa na nyuzi atafanyaje? Malalamiko haya yana uzito, na asiyeyasikia hatendi haki.

Hata hivyo, nionavyo mimi, dawa haimo katika kuununua mradi, wala katika kuufuta. Tulikwisha kufuta mara moja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo ya ufundi yaliondolewa katika mtihani wa KCPE, na tangu hapo mwalimu aliyetaka kufundisha ushonaji alionekana anapoteza muda. Mtihani wenyewe ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, lakini mazoea yake bado yanaishi nasi. Tulidhani tatizo lilikuwa karatasi ya mtihani. Kumbe tatizo ni jicho linalotazama upande mmoja tu.

Mshonaji yeyote hodari, ukimpa kitambaa, jambo la kwanza atakalofanya ni kukigeuza. Nyuma ndiko kazi inakosimulia ilivyofanywa: wapi mtu alikosea, wapi alifumua, wapi alichoka akakata njia. Mashine nayo ina nyuma yake, na haifanani hata kidogo na ya mkono. Mwalimu yule angekigeuza kitambaa kwa nukta moja tu, angejua la kufanya.

Huku chuoni tunaletewa vitambaa vya aina hiyo kila muhula. Nimewahi kupokea insha yenye mbele nyororo, sarufi haina doa. Nilipomwita mwandishi wake na kumwomba anieleze aya ya pili, hakuijua. Siku hizi si lazima hata mtu amlipe mwenzake amwandikie. Programu ya kompyuta itamfumia kurasa kumi kabla chai haijapoa. Tunashangaa na kuulizana vijana hawa wametoka wapi. Wametoka katika madarasa ambamo walijifunza, wakiwa na miaka kumi na mmoja, kwamba mwalimu haangalii nyuma.

Kuna hasara nyingine inayonigusa kama mwanaisimu. Kazi ikifa, maneno yake hufa nayo. Niliwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa pili, wote wakisomea Kiswahili, subana ni nini. Mmoja alisema ni aina ya samaki. Hakuna aliyejua kuwa ni kile kikopo kidogo kinachovaliwa kidoleni ili sindano isimchome mshonaji. Walilijua neno "pindo", lakini kwa pindo la kanga tu. "Kupiga bandi" hawakuwahi kulisikia. Maneno haya yamo kamusini, lakini kamusi pekee haiwezi kuyapa uhai.

Ajabu ni kwamba lugha yetu yenyewe inashuhudia ukubwa wa kazi hii. Twasema kutunga shanga kwa uzi, na kwa kitenzi hicho hicho twasema kutunga shairi na kutunga mtihani. Wahenga waliona kuwa anayepanga maneno na anayepanga shanga hufanya jambo moja: huunganisha kimoja baada ya kingine, na uzi ukikatika vyote humwagika. Neno "kutarizi" nalo, ambalo wengine hutamka "kudarizi", ni ndugu wa neno la Kiarabu tatriz. Kwa jina hilo Wapalestina huita udarizi wao, ambao kwa sehemu kubwa ni mshono huu huu wa msalaba. Desemba 2021, UNESCO iliuingiza udarizi huo katika orodha ya turathi za utamaduni wa binadamu. Zamani, nakshi za kanzu ya mwanamke wa huko zilikuwa zikieleza ametoka eneo gani. Na Uingereza wasichana walikuwa wakidarizi alfabeti na tarakimu kwenye vitambaa vya mazoezi. Kimoja chenye mwaka 1598 kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London. Basi asituambie mtu kuwa sindano na kitabu ni mahasimu.

Tufanyeje? Kwanza, walimu wenzangu, tutoe kazi ndogo inayoweza kumalizika. Alama ya kitabuni, yenye upana wa vidole viwili na nyota moja katikati, inamfunza mtoto yote ambayo kitambaa cha meza kingemfunza. Asiye na kitambaa maalumu atumie kipande cha gunia; nyuzi zake zinahesabika kwa macho. Pili, kazi ianzwe shuleni, mbele ya mwalimu, ndipo iende nyumbani kumaliziwa. Aliyeanza mwenyewe hana haja ya kununua mwisho. Tatu, tuweke alama kwa kufumua. Mtoto akituonyesha alipokosea na jinsi alivyorekebisha, tumtuze zaidi ya yule asiyejua kosa liko wapi. Na juu ya yote, tukigeuze kitambaa. Kila kitambaa, kila insha, kila tasnifu.

Kwenu wanafunzi nina neno moja tu kuhusu kumaliza, na nalisema nikijua dhambi yangu. Katika sanduku la marehemu mama yangu mna kitambaa nilichokianza nikiwa darasa la sita, niwapatie wageni wa Krismasi. Nilidarizi majani, nikaahidi kurudia maua, nikaiacha sindano imechomekwa pale pale. Mama hakukitupa wala hakukimalizia. Nilipokitoa baada ya mazishi yake, sindano ilikuwa imeshika kutu na kuacha doa la rangi ya chai lisilotoka kwa sabuni yoyote. Ndiyo maana binti yangu hulala baada ya kuichomoa sindano na kuirudisha kwenye kibweta chake. Kazi iliyoachwa haikai kama ulivyoiacha.

Kile chenye maneno "ongeza usafi" sasa kimetandazwa juu ya meza yetu ya sebuleni. Wageni wakija, yeye hukikunjua pembe moja, akakigeuza, akawaonyesha nyuma bila kuulizwa. Natamani siku moja mwalimu wake aje kututembelea.