Harufu ya bangi isiwahadae vijana wetu

UZURI wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii yafaa kukumbukwa kila unapozuka mjadala kuhusu bangi katika shule zetu. Imeenea dhana miongoni mwa vijana kwamba bangi yenye harufu ya limau huchangamsha, yenye harufu ya embe hulaza, na yenye harufu tamu ni pole isiyodhuru. Dhana hiyo imestawishwa hasa Marekani na Kanada, ambako maduka yenye leseni huinadi bangi kwa harufu na ladha yake. Hapa Kenya imepigwa marufuku na sheria ya mwaka 1994, lakini mawazo hayazuiliwi na mipaka.

Je, dhana hiyo ina ukweli wowote? Naamini kwamba mwalimu anayelijibu swali hili kwa kusema tu kuwa bangi ni mbaya, amekwepa wajibu wake.

Tuanze na harufu yenyewe. Ua la mmea jike wa bangi limefunikwa na vinyweleo vidogo mno vinavyotoa utomvu. Humo ndimo mmea unamotengeneza THC, kemikali inayolevya, pamoja na kundi la kemikali zinazonukia ziitwazo tepini. Tepini si mali ya bangi pekee. Limonini ndiyo inayotunukia tumenyapo chungwa. Pinini imo katika utomvu wa msonobari. Linaloli imo katika mrehani. Mirsini imo katika embe na mchaichai. Nayo kariofilini imo katika karafuu na pilipili manga. Hata ule uvundo mkali wa bangi una maelezo yake: mwaka 2021 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa chanzo chake ni kemikali chache zenye salfa, wala si tepini.

Je, manukato haya hubadilisha ulevi? Mwaka 2011 daktari Ethan Russo wa Marekani alitoa hoja kwamba huenda tepini hushirikiana na THC mwilini. Wafanyabiashara waliidaka hoja hiyo kana kwamba imekwisha kuthibitishwa. Hata hivyo, mwaka 2019 wanasayansi wa Australia walizipima tepini kadhaa kwenye vipokezi vya seli vinavyoshikwa na THC, wasione badiliko lolote. Kariofilini, kama ilivyobainika mwaka 2008, hushika kipokezi kimojawapo cha aina hiyo, lakini ni kile kisicholevya. Ndiyo maana mla pilau halewi. Kwa upande mwingine, mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walichapisha jaribio la watu 20, ambamo limonini iliyovutwa kwa wingi pamoja na THC ilipunguza wasiwasi. Athari nyinginezo za THC zilibaki karibu vilevile.

Basi, ukweli ni kwamba huenda tepini zina mchango, lakini mchango huo ni mdogo na bado unachunguzwa. Mlevyaji ni THC, nayo ikiwa safi haina harufu. Pua haiwezi kumwambia kijana ni kiasi gani cha THC anachovuta. Isitoshe, tepini nyepesi hupotea hewani bangi inapokauka, kwa hiyo bangi iliyochujuka harufu si lazima iwe imepungua nguvu. Na moshi ni moshi. Hata ukinukia machungwa, una lami kama ule wa sigara.

Wapo watakaodai kuwa kuyafundisha haya ni kuwafunza vijana kuvuta. Sikubaliani nao. Kijana amekwisha kusikia nusu ya habari hizi, tena kutoka kwa muuzaji. Nusu iliyobaki ni amana ya mwalimu. Mwalimu anayetia chumvi kwa kusema kwamba mvuto mmoja humtia kila mtu wazimu, hupoteza imani ya mwanafunzi aliyeona vingine kijijini kwao. Baadaye, akisema la kweli, kwamba ubongo wa kijana ungali unakua na kwamba THC huvuruga kumbukumbu, nani atamsikiliza?

Ningependa kuona ganda la chungwa likiletwa katika maabara ya shule, lichemshwe, mvuke wake upozwe, na mafuta yanayonukia yakusanywe. Wanafunzi waiandike fomula ya limonini, kisha waulizwe: kama kemikali hii haikulevyeni katika chungwa, ni kitu gani kinacholevya katika bangi? Somo la namna hiyo litawafikisha mbali kuliko hotuba kumi za vitisho.

Nanyi wanafunzi, mkiambiwa kwamba harufu fulani ni salama, mwulizeni msemaji amepima nini, na kwa kifaa gani. Akikosa jibu, jueni kwamba hakupima chochote ila mifuko yenu.